Bomba Linapumua

Kijiji cha Mungaa,
Ikungi, Singida.
9 Mei 2024

Mpendwa mwanangu Deo,

Marahaba. Frank amenifikishia shikamoo yako, na barua hii anaibeba yeye, maana simu yako huko kambini haipatikani. Hujambo? Mgongo umepoa? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii.

Mhandisi Loyce alikuja kupima mwendo wa maji katika bomba letu la pampu ya jua. Kati ya kilula, koki tunapochotea maji, na josho la ng'ombe kule juu, aliunga kipande cha bomba la kioo, akapitisha humo mwanga mwembamba wa leza. Unajua vumbi linavyoonekana jua likipenya tundu la bati? Ndivyo chembe za majini zilivyong'aa, na kamera ikazipiga picha mfululizo. Chembe ikisogea mbali kati ya picha mbili, maji yana kasi. Ikisogea kidogo, yanakwenda polepole.

Wingu likafunika jua, pampu ikazima. Chembe zikapunguza mwendo, zikasimama. Kisha zikaanza kurudi nyuma.

Kilula kikikoroma pampu inapozima, sisi husema bomba linapumua, na watoto huweka kiganja kwenye mdomo wa koki kikavutwa, wakacheka. Hakuna aliyewahi kuuliza pumzi hiyo inavuta nini.

Tulipanda mpaka joshoni. Mpira wa kujazia maji ulikuwa umezama ndani ya dawa ya kupe, koki wazi. Marko, mtunza josho, alisema huuacha hivyo ili maji yasipungue. Kumbe bomba likipumua, huenda huivuta dawa hiyo kuileta kilulani. Sikumkaripia; aliutoa mpira mwenyewe.

Nimefunga bomba. Maji yamepelekwa kupimwa, majibu bado. Wengine wanasema mimi Mwalimu nimezeeka, sasa naogopa maji. Hata mkeo Theodora aliniambia kwa upole, "Baba, bomba limepumua siku zote, na sisi tupo."

Lakini amekunywa maji hayo tangu mimba ilipoingia, na sasa amekuwa mkimya, anashika ubavu akipika. Mimi ni mkwe wake, siwezi kumwuliza habari za tumbo. Mama yako angekuwa hai angeuliza. Nilimtuma shangazi yako Eliana, akajibiwa ni uchovu tu, na zahanati ingoje alizeti ivunwe.

Deo, panda kilima chenye mtandao umpigie, barua hii ikiwa bado mkononi. Usianze na habari za bomba. Mwulize kama mtoto anacheza tumboni.

Shangazi yako anakusalimu. Msalimie Festo, mwenzako wa huko kambini. Mungu awafunike nyote watatu, wewe, mkeo na mtoto.

Ni mimi nikupendaye,
Baba yako,
Urbano Mughwai