Kigoroli cha Nane

Gisa,

Maharagi iko kwa moto. Ongeza maji, chumvi bado. Ufunguo wa gari usiutafute, nimeenda nao sokoni Kamembe.

Siku ulifungua ile bwate ya vitesi otomatiki, lile sanduku la gia za gari, hapa sebuleni, mara yako ya kwanza, mimi ndiye nilisafisha vigoroli vyake vya chuma. Vilikuwa nane. Jana ulipomaliza kuifunga na kuirudisha kwenye gari, nikakuuliza. Ukasema, "Nyanya, vilikuwa saba tangu mwanzo."

Basi leo asubuhi ulifagia nyumba kwa nini, wewe hujawahi kushika ufagio? Na nilikukuta umepiga magoti, kichwa chini ya kitanda, eti unasali!

Cha nane nimekikuta nikichambua maharagi. Ulivikausha kwenye lungo yangu ya kupepetea. Kiko hapa, ndani ya glasi.

Kesho mama yako na batoto bako bataingia ile gari, tutelemke Bugarama kwenye arusi ya Isimbi. Ile mitelemko unaijua.

~~Tutaenda na basi.~~ Hapana. Fungua tena hiyo bwate. Nikirudi nitakushikia tochi, lakini kuhesabu nitahesabu mimi.

Nyanya yako