Maana ya Tatu

6 Februari

Kwa binti yangu Kasuku,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Mimi mzima, mikono tu ndiyo imejaa mikwaruzo ya vioo kama ulivyoizoea. Mama yako tumbo linamsumbua, maumivu yanakuja na kuondoka, lakini amenikataza nisikuandikie habari za matumbo ya watu wazima, kwa hiyo jifanye hujasoma. Wewe je? Unakula chakula, au unatafuna karatasi za hiyo kamusi yenu ya Kiingereza?

Barua yako iliyopita nimeitembeza mtaa mzima. Kumbe dirisha la Kiingereza, hiyo windo, asili yake ni "jicho la upepo"! Miaka yote hii nakata vioo nikidhani najenga, kumbe naupofusha upepo. Mama yako alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa nina mawili mengine. Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi mahali, wakapita watu wawili na Kiingereza chao. Mmoja akasema "peshenti", halafu "temino", mwenzake akatikisa kichwa taratibu. Nikarudi nyumbani nikiyatamka njia nzima nisije nikayapoteza, mpaka muuza mkaa akaniuliza kama nina nadhiri. Yana maana gani, na yametoka wapi?

Ni mimi baba yako.

18 Februari

Shikamoo Baba,

Nami ni mzima, macho tu yanauma kwa maandishi madogo. Mpe Mama pole, mwambie asilipuuze hilo tumbo. Tumefika herufi S, na mhariri mkuu ametupigia marufuku likizo mpaka tumalize Z. Hapa mtu akipiga chafya anaulizwa inaanza na herufi gani.

Nikuletee maneno yako. Peshenti ni mgonjwa, lakini neno hilo hilo ni mvumilivu pia. Asili yake ni neno la Kilatini la kuteseka. Sisi mgonjwa na mvumilivu kila mmoja ana jina lake. Wao wamewafunga kamba moja.

Temino utaipenda. Wanaiandika "terminal". Ni kituo cha mwisho cha basi, pale utingo anapogonga bodi na kusema wote chini, na yule aliyesinzia anashtuka kwake kumeshapitwa kitambo. Lilianza kwa Warumi, likiwa jina la mpaka, na la jiwe linalosimikwa kuonyesha shamba la mtu linaishia wapi. Nadhani hao wawili wako walikuwa wakingoja gari, na uvumilivu ulikuwa umewaishia.

Mwanao, Kasuku.

3 Machi

Kwa Kasuku wangu,

Salamu nyingi. Hujui barua yako imenitua mzigo gani. Nitakueleza ukija, mambo mengine yanataka kusimuliwa ana kwa ana.

Mama yako wamemwachisha dawa kali alizokuwa akipewa, sasa anameza za maumivu tu. Jioni anakaa mlangoni anachambua mchele na kumtania kila apitaye. Anauliza utakuja lini.

Mimi nimepata kazi. Kuna shule inajengwa mbali huko, madirisha yote nimepewa mimi. Mwanzoni niliikataa, lakini tangu nipate jibu lako nimeikubali. Mama yako mwenyewe ndiye aliyenifungia begi. Alikuwa akinitazama sana. Nikamwuliza ana nini, akasema, "Nenda, fundi, usije ukachelewa." Nitarudi mvua zikiisha.

Baba yako.

11 Aprili

Shikamoo Mama,

Najua Baba hayupo, kwa hiyo wewe ndiye unayefungua hii. Unaendeleaje? Mimi sijambo, ila naandika mbiombio, kazi imetufika shingoni. Usinune. Z ikiisha tu, nakuja, na safari hii nitakaa mpaka unifukuze.

Mwanao mtoro.

30 Mei

Kwa mwanangu,

Sikuulizi hali. Tumeonana msibani na hali yako niliiona, na yangu uliiona.

Uliondoka asubuhi ya siku ya tatu, hata uso sijanawa. Uliniambia neno moja pale mlangoni, "Sori", ukaingia kwenye gari. Najua mama mdogo wako alikuwa amekueleza yote jikoni, lakini nataka uyasikie na kwangu.

Lile benchi lilikuwa la hospitali. Mama yako aliniomba nisikutie hofu, nikamtii. Wale wawili walikuwa madaktari, wametoka chumbani kwake. Kumbe yeye walikuwa wameshamwambia yote kwa Kiswahili kilichonyooka, akanyamaza. Nje nimekaa mimi na maneno yangu mawili.

Jibu lako lilipofika nikamsomea. Nikamwambia sikia, mama wee, mgonjwa amefika kituo cha mwisho. Matibabu yamekwisha, ushuke, ndiyo maana wamekuachisha dawa. Nilikuwa nacheka, mwanangu. Naye akacheka. Baadaye akamwambia mdogo wake, "Mwacheni aende na furaha yake. Akijua, atakaa hapa ananitazama kama kioo chenye ufa."

Basi nikaenda. Nikapima madirisha ya watoto wa watu mpaka aliponifuata kijana wa pikipiki. Nilipofika alikuwa bado anapumua, ila sauti haikuwapo. Alinishika kidole hiki chenye kovu, akakishika tu.

Sikulaumu. Nilikuuliza maneno bila kukuambia nilikoyaokota. Hata mimi, mtu akiniagiza kioo bila kunionyesha dirisha, nitakata kisichoingia.

Ila nina neno moja limebaki. Hiyo sori. Huku naisikia mtu akikanyagwa sokoni, na naisikia kwenye msiba. Sisi tuna pole na tuna samahani, na kila moja ina mlango wake. Wewe uliniachia ipi? Kama ni pole, nimeipokea, na wewe pole sana, mwanangu. Kama ni samahani, njoo uichukue. Si yako.

Baba yako.

9 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini unalala walau kidogo. Mimi nalala, kisha naamka na kukumbuka.

Barua yako nilianza kuisoma mezani, nikaenda kuimalizia stoo katikati ya maboksi.

Ilikuwa samahani. Pale mlangoni Kiswahili kilinigomea. Nilijua nikifungua mdomo kwa lugha yetu nitaanguka mbele ya watu. Nikachukua neno la kazini. Nalo, kwa kuwa umezoea kuniuliza, limetokana na neno lao la zamani la kidonda. Asemaye sori alikuwa anasema ana donda.

Unasema si yangu. Baba, kamusi ilikuwa wazi mbele yangu. Maana ya kwanza, kilicho mwishoni. Ya pili, kituo cha mwisho. Ya tatu, ugonjwa usio na tiba. Nilizisoma zote tatu. Ya tatu nikaiacha kwa sababu utani wa basi ulikuwa umeninogea. Na barua yako ilikuwa kando, imesema benchi, imesema peshenti, imesema tumbo la Mama. Kazi yangu kutwa nzima ni kuangalia neno limekaa karibu na nini.

Wiki iliyopita tulikuwa tunasahihisha ukurasa huo. Niliipandisha ile ya tatu ikawa ya kwanza. Mhariri mkuu akaniambia kwa upole kwamba watoto wa shule wanahitaji zaidi habari za mabasi, akairudisha chini. Hakukosea, nami sikubishana.

Nimepewa likizo. Nitafika Ijumaa na gari la asubuhi. Nilikuwa nimepanga kukuuliza Mama alikuwa akisema nini wiki zile, kama alikuwa akinitaja, kama barua yangu ya Aprili aliisoma na aliipokea vipi. Kalamu ikiwa mkononi ndipo nikakumbuka kwamba na wewe hukuwapo.

Basi tusiulizane. Jumamosi twende kwa mama mdogo, yeye ndiye aliyekuwapo, sote wawili, tukae jikoni kwake tumsikilize mpaka achoke.

Mwanao.