Kwani Ndama ni Mti wa Kahawa?

Koku mjukuu wangu,

Hapa Izigo tu wazima, ila babu yako anakohoa na hataki kuambiwa. Nimefurahi kusikia kitukuu wangu ameanza kusimama. Lakini wewe, kuandika kwako ni kwa nadra, tena unauliza habari za mbwa! Eti umpake dawa ya kupulizia nyanya ili viroboto wafe?

Sikusoma zaidi ya darasa la pili, ila hili nalijua. Nilipokuwa bibi harusi, kupe walimjaa ndama wetu. Nikachukua dawa ya kupulizia kahawa, nikampaka yeye tu, mama yake nikamwacha. Nikajiona nina akili. Kabla ya mchana nikasikia kishindo. Aliyeanguka ni mama wa ndama, anatetemeka, mate yanamchuruzika.

Mama mkwe akaja mbio. "Umempaka nini huyu ndama?"

"Dawa ya kahawa, mama."

"Kwani ndama ni mti wa kahawa?"

Tukamwosha ndama kwa sabuni, akapona. Mama yake akafa. Nikabaki najiuliza, sumu ilimfikaje ng'ombe ambaye sikumgusa? Siku ya tatu nikamwona ng'ombe wa jirani anamlamba mtoto wake, kuanzia masikio hadi mkia. Nikakaa chini palepale.

Basi nenda kwa daktari wa mifugo akupe dawa ya mbwa. Na unijibu: huyo mbwa si ndiye ambaye mwanao anamshika kutwa, kisha ananyonya vidole?

Ni mimi bibi yako, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.