Barua Iliyosomwa Mbele ya Bendera

Homa Bay, 14 Februari 2011

Mama mpendwa,

Hujambo? Baridi ya huko ughaibuni imepungua? Sisi wazima, ila mama mdogo Dafrosa anasumbuliwa na goti.

Mama, nimerudishwa nyumbani. Jumatatu iliyopita kwenye gwaride nilisimama wima kwa heshima, lakini sikuimba wimbo wa taifa wala kula kiapo cha bendera. Mwalimu mkuu anasema nisirudi mpaka mzazi aandike kwamba nitaimba. Mweleze imani yetu, kwamba heshima tunatoa ila ibada ni ya Mungu peke yake, kama ulivyomweleza yule wa shule ya msingi nilipokuwa darasa la tatu, ukasimama nami mlingotini hadi gwaride likaisha. Mtihani wa kidato cha nne ni mwaka huu.

Mwanao,
Akeyo

Jakobsberg, 3 Machi 2011

Binti yangu,

Habari za huko? Mwambie Dafrosa alikande goti kwa maji moto, aache kujifanya msichana. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kuinua wazee kazini, kwenye nyumba ya kuwatunzia pale Sundbyberg.

Barua yako nimeisoma kwenye treni hadi nikapitiliza kituo. Nimeshamwandikia mwalimu mkuu mwenyewe, atakupokea. Usibishane naye. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na umebakiza miezi michache tu.

Mama yako

Homa Bay, 28 Machi 2011

Mama,

U mzima? Goti limepoa.

Nilirudi shule. Mwalimu mkuu akaniita mbele ya wote, akasoma barua aliyodai ni yako: eti umeniamuru niimbe, mambo ya imani tutayazungumza nikishapata cheti. Hata karatasi hakunionyesha. Nikasema, "Mama yangu hawezi kuandika hivyo. Hiyo mmeitunga." Akaniuliza mara tatu kama namwita mwongo, nikajibu vile vile.

Sasa nimefukuzwa kabisa. Lakini sikuwaacha wakuchafulie jina, na naona fahari. Wapigie simu, uwaambie ukweli.

Mwanao,
Akeyo

Jakobsberg, 8 Juni 2011

Akeyo mwanangu,

Salamu nashindwa hata kuzianza. Miezi miwili nimekaa na barua yako. Dafrosa ananiambia unauza dagaa wa omena naye sokoni.

Barua ile niliandika mimi, kila neno. Nilijua ungenikatalia, ndiyo maana nikapitia kwa mwalimu. Kusanyikoni kwenye ibada sijaenda mwaka wa pili huu. Kwanza zamu za kazi zilinizuia, halafu nikazoea. Na juzi, tarehe sita, nilikuwa Stockholm kwenye sherehe ya raia wapya. Wimbo wa taifa lao ulipoanza hakuna aliyenilazimisha. Mwanamke aliyesimama karibu nami alinyamaza, na hakuna aliyemgeukia. Mimi niliimba.

Leo nimempigia mwalimu mkuu, nikamwambia barua ni yangu na kosa si lako. Amesema basi nimethibitisha kwamba ulimtukana bure, na nafasi yako ameshampa mwingine. Nilimsihi hadi akakata simu.

Naona aibu, mwanangu. Uliposema mbele ya shule nzima kwamba mama yako hawezi, ulikuwa ukimtetea mtu ambaye hayupo tena. Nakuomba unisamehe. Kama moyo unakataa, usijilazimishe.

Mama yako