Tawi Lisilotajwa Upande

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti linakuacha upumue kidogo na majirani bado wanauvumilia ulimi wako. Mimi mzima, ila usingizi haunipendi.

Nasikia watu wakikuuliza kazi yangu unajibu "anachora dawa", kisha unabadilisha mada. Basi ni hivi. Molekuli huandikwa kama mstari wa herufi. Naiingiza kwenye kompyuta, na programu inaijenga iwe umbo lenye urefu, upana na kina, ili wakemia waone kama litaingia kwenye protini ya ugonjwa. Maumbo yangu yakiaminika, mwisho wa mwezi napata mkataba wa kudumu, nami nakuleta huku. Chumba chako nimeshakipaka rangi. Usifungashe kwanza.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, kila asubuhi linaamka kabla yangu.

Umechelewa, nimefungasha. Chumba nimemrudishia mwenye nyumba kuanzia mwisho wa mwezi, na cherehani nimeshaiuza. Nalala katikati ya maboksi kama mzigo mmojawapo. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui nilitaka nini. Niambie tu siku.

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Goti vipi? Mimi si mzima.

Leo nimejenga molekuli ileile mara mbili, kujiridhisha tu. Yakatoka maumbo mawili, yote safi, hakuna atomu zinazogongana. Lakini hayalingani, kama kiatu cha kushoto na cha kulia. Mstari wa herufi haukutaja tawi moja la molekuli linaelekea upande gani, na programu haikuuliza, ilikisia. Mimi nilikuwa nakagua uzuri wa umbo, sikukagua kilichokosekana kwenye mstari.

Yapo maumbo mengi ya namna hiyo, na lile walilolichagua wakemia limo. Wiki ijayo linapelekwa kutengenezwa. Hakuna aliyegundua. Mkuu wangu ananisifu kila akipita, nami natamani ardhi inimeze. Nikinyamaza, mkataba ninao. Nikisema, wewe utalala wapi?

Mwanao

24 Februari

Mwanangu,

Salamu baadaye, nimekasirika. Si kwa kosa lako, bali kwa kunifanya mimi kisingizio. Hao wenzako wahangaike mwaka mzima na kiatu cha mguu mwingine, wagonjwa wangoje, ili mimi nipate chumba cha rangi mpya? Nitalalaje humo?

Nakuja mwisho wa mwezi, siku ileile ninayohama, mkataba uwepo usiwepo. Naogopa, usidhani siogopi. Nakuja hivyohivyo.

Shangazi yako

28 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa safari. Barua hii namwachia jirani yangu pamoja na ufunguo, maana sitakuwepo ukifika. Chakula kiko jikoni.

Nilisema. Mkuu aliniuliza nani alinituma kurudia kujenga, kisha akapiga simu kusimamisha utengenezaji. Wakemia hawanisalimii. Mkataba sikuupata. Nimepewa mwezi mmoja wa kujenga upya kila molekuli yenye tawi lisilotajwa, pande zote mbili, na ndiyo kazi niliyoifuata asubuhi hii.

Nilianza kuandika usije, nikachana karatasi. Baada ya huo mwezi sijui itakuwaje. Ila tutakuwa wawili tusiojua, na hilo nimelitamani kuliko mkataba.

Mwanao