Pale Mama Mdogo Anapoishia

Dada Anjela, shikamoo.

Hapa Kirushya mvua haikatiki, nasi tumeketi kwenye msiba wa baba mdogo, tumetandika majani makavu ya migomba. Kila mgeni akifika anamuuliza mama mdogo, "Ilikuwaje?" Naye anasimulia upya. Anaanzia asubuhi, mumewe akipogolea migomba na kutaniana na jirani. Kisha mumewe anaingia ndani, ananawa, anauliza, "Maharage yameiva?" Kila mara mama mdogo anaishia hapo hapo.

Jana mgeni mmoja aling'ang'ania, "Halafu?" Bibi aliyekaa karibu akamshika goti. "Mwache, mwanangu. Kaburi si umeliona hapo nje?"

Dada, ile hadithi ninayoandika ya mama yetu niliianza na jeneza, ndiyo maana imegoma kusogea. Sasa nitaianza na mama akipepeta mtama, akitufokea tusikanyage ungo. Nitaiacha pale anapotuita kula.

Wasalimie watoto, nawe ujifunike vizuri, kifua chako hakipendi baridi. Siku nikikusomea, nakuomba sana, usiniulize halafu ikawaje.

Mdogo wako,
Deo