Usipa Juu ya Hita

Würzburg, Jumamosi, katikati ya Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu. Nimechoka, nanuka samaki, na sijawahi kuwa na furaha ya namna hii tangu nifike nchi hii ya Wajerumani.

Naandika nikiwa kitandani, katika hoteli ya bei ya chini kuliko zote nilizoziona, ghorofa ya tatu juu ya duka la fundi viatu. Chumba ni chembamba. Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Bafu liko mwisho wa korido na tunalitumia wageni wote. Shuka la kujifunikia hakuna, kuna duveti moja tu nene ya manyoya, na jana nililala nimeikumbatia kwa sababu sikujua kama mtu anaingia ndani yake au anakaa chini yake.

Wenzangu wa darasani husafiri hivi kila mwisho wa juma. Wanapanda treni, wanalala mahali kama hapa, wanarudi na picha za makanisa. Mimi nilikuwa nakataa. Nilijiambia kwamba nahitaji kusoma. Ukweli ni kwamba niliogopa kuzunguka mji wa watu bila sababu, kama mtu aliyepotea.

Safari hii nilikuwa na sababu. Ilikuwa kwenye begi, imefungwa kwa kanga ya Mama.

Kwa asiyenijua: baba yangu ni mkulima wa kahawa wa Mpepai, huko milimani. Mama ni wa Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nimekulia kwenye kahawa na maharage, ziwani nilikuwa naenda likizo tu, na wajomba hawajaacha kunitania hadi leo. Nikikosea jambo lolote linalohusu samaki wanasema, "Mwacheni huyo Mmatengo, mpeni maharage yake."

Lakini nilizaliwa ziwani, nyumbani kwa bibi, na nusura nimuue Mama. Alitoka damu isiyokatika. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja, mtawa Mjerumani aliyeitwa Sista Edeltrud. Alimlaza Mama nyuma ya Landrova, akaipandisha mlima mwenyewe kwenye tope na mvua hadi hospitali, akiimba kwa sauti ya juu njia nzima ili Mama asisinzie. Mama anasema Sista hakujua kuimba hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomsaidia kubaki macho.

Bibi alimpelekea kuku wa shukrani, Sista akamrudisha. Alisema, "Mgonjwa akipona, ataniletea usipa. Lakini usiwe na mchanga. Mchanga wenu unanimalizia meno."

Usipa ni dagaa wa ziwa letu. Wengi huuanika palepale mchangani, na ukitafuna unasikia.

Mama alipopona alipelekwa Mpepai kwa wakwe apumzike. Aliposhuka tena ziwani, na kisahani chake cha usipa mkononi, Sista alikuwa ameshahamishwa kurudi kwao. Mama alisimama pale zahanati na kisahani. Alikuwa amekwisha kunibatiza Edeltruda. Lakini ahadi ya samaki ilibaki, na nimekua nikiisikia kama wengine wanavyosikia hadithi za sungura.

Mwaka huu paroko wetu alipata habari kwamba Sista yu hai, yuko kwenye nyumba ya masista wazee katika mji huu, na kwamba kumbukumbu zake zinakwenda. Nilipokuwa nyumbani likizo ndefu, Mama alishuka Kihagara, akaanika usipa kwenye chanja cha matete, juu kabisa ya mchanga. Kuku akisogea, anainuka mwenyewe kumfukuza. Akanikabidhi.

"Umpe mkononi, Truda. Na uwe mkavu. Kumpa mtu samaki wenye unyevu ni kumtukana."

Jana, ndani ya treni, chupa yangu ya maji ilivujia begini.

Nilifungua kanga hapa chumbani na kukuta usipa wa Mama umelainika. Sikulia. Nilikaa tu sakafuni nikiutazama. Kwenda kumwona Sista ilikuwa leo saa kumi. Wakiachwa hivyo hadi saa hiyo wangeoza, na yeye kwa hali yake hangeweza kusubiri mwaka mwingine, wala Mama hangeweza.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu wa kwetu pekee angelifanya. Chini ya dirisha kuna hita ya chuma. Mtu wa ziwani akiona mahali penye joto na palipotandazika, haoni kitu kingine, anaona chanja. Asubuhi nilizungusha kile kitufe hadi mwisho, nikatandika mataulo meupe ya hoteli juu ya hita na kwenye kizingiti cha dirisha, nikapanga usipa mmojammoja, vichwa upande mmoja, kama afanyavyo mama mdogo. Nikafunga dirisha kwa ajili ya manyunyu. Nikajisifu. Nikashuka kunywa chai, kisha nikaenda kutembea mjini.

Na nilitembea kweli. Kuna daraja la zamani juu ya mto, watakatifu wa mawe wamesimama pande zote mbili na mvua inawadondoka puani. Ng'ambo kuna vilima vya mizabibu, mistari imenyooka kutoka juu hadi chini. Baba angetikisa kichwa. Kwetu Umatengo mtu akilima hivyo mlimani, masika ya kwanza shamba lote liko bondeni kwa jirani, ndiyo maana tunachimba ngoro, yale mashimo yanayoshika maji na udongo. Nilisimama pale nikimwonea huruma mkulima nisiyemjua. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naangalia mji wa watu bila hofu.

Niliporudi niliisikia harufu ya usipa kutoka ngazi za chini.

Nakiri kwamba hisia yangu ya kwanza ilikuwa njaa. Ya pili ilikuja nilipofika korido ya ghorofa ya tatu. Madirisha yote yalikuwa wazi. Mgeni mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwake, skafu puani. Na mlangoni kwangu alikuwa Frau Hofmann, mwenye hoteli, mama wa makamo, mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Alikuwa amevaa glavu za mpira na ameshika mfuko mweusi wa takataka, umefungwa fundo.

Huyu mama ndiye aliyenipokea jana. Alikuwa ametazama pasipoti yangu, akanitazama mimi, akatazama tena pasipoti. "Edeltrud? Wewe? Nilikuandalia chumba karibu na bafu, nikijua anakuja kikongwe." Alikuwa na shangazi wa jina hilo, akaniambia, mfuga bata, na tangu azikwe hajasikia mtu mwingine akiitwa hivyo. Sikumweleza kwamba kwetu Mbinga tuko tele.

Leo hakuwa anacheka.

"Edeltrud! Nimefikiri kuna mnyama amefia ukutani. Nilikuwa nampigia mwanangu simu aje abandue mbao."

"Samaki wangu wako wapi?"

"Samaki?"

"Waliokuwa kwenye taulo."

Aliutazama mfuko. "Hivi? Hivi si vya kutupa?"

"Ni vya kula."

"Vya kula na nani?"

Hapo Kijerumani changu chote kikaniacha. Miaka ya kusoma, mitihani, vyeti, vyote vikaniacha nimesimama koridoni na neno moja tu, "tafadhali". Nikaupokea mfuko, nikaufungua. Ulikuwa mpya, namshukuru Mungu, na ndani mlikuwa na mataulo na usipa tu. Nikachukua mmoja, nikamla mbele yake. Kichwa, macho, mkia. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka aone kwamba sikumletea uchafu nyumbani kwake. Kisha nikamweleza, kwa sentensi zilizovunjika vunjika: Mama, damu, tope, ile Landrova, jina langu, kisahani.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mtawa ndiye uliyepewa jina lake?"

"Ndiye."

"Na mama yako amesubiri tangu uzaliwe?"

"Ndiyo."

Alivua glavu, moja, halafu nyingine. "Amesubiri tangu uzaliwe, halafu wewe unaanika kwenye hita na kufunga dirisha! Hata mimi najua samaki wanataka hewa."

Wajomba zangu wangempenda sana.

Akanishusha chini ya jengo, kwenye chumba cha kufulia, ambako kuna joto la boila na feni kubwa ya kukaushia mashuka. Alitoa trei zake za kuokea keki. Kabla ya kupanga ilibidi tuwasafishe, kwa sababu kila samaki alikuwa amenasa nyuzi nyeupe za taulo. Tulikaa juu ya makreti yaliyopinduliwa, tukachambua. Yeye anavaa miwani, anavua miwani, analalamika: "Haka kana jicho! Kananitazama." Aliniuliza kama mama yangu ni mkali. Nikasema mkali sana. Akasema basi tuchambue vizuri.

Saa tisa usipa ulikuwa unavunjika kwa sauti, kama unavyotakiwa.

Sista nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomjenga kichwani. Mtawa aliyenipeleka alininong'oneza nisitegemee mengi, kuna siku hamjui hata yeye.

Nilipiga goti. "Shikamoo, Sista."

"Marahaba," akasema mara moja. Lakini lilikuwa neno lililotoka lenyewe, kama mkono unavyojua njia ya kufanya ishara ya msalaba. Nikamtajia jina la Mama. Hapana. Nikataja Kihagara, mvua, nyimbo zake. Alinitabasamia kwa adabu, tabasamu la kumpa mgeni. Nikamwambia kwamba mimi ni somo yake, kwamba nimebeba jina lake maisha yangu yote. Akasema kwa Kijerumani kwamba ni jina zuri.

Nilijiambia kwamba haidhuru. Ilidhuru.

Nikafungua kanga mapajani mwake.

Harufu ilipanda. Aliinama kidogo. Mkono ukatoka kwenye shali, ukachukua mmoja kwa ncha za vidole, ukampeleka mdomoni. Alitafuna polepole, kwa upande mmoja, na niliona ulimi ukipita kwenye meno, ukitafuta.

"Hawana mchanga," akasema. Kwa Kiswahili.

Nikamsogezea kanga karibu zaidi.

"Nani ameanika hawa?"

"Mama, Sista. Kwenye chanja."

Akachukua mwingine. Alinitazama, safari hii kama muuguzi anavyomtazama ndugu wa mgonjwa anayesubiri nje.

"Amepona?"

"Amepona, Sista. Amepona kabisa."

"Mungu ashukuriwe," akasema, akaendelea kula.

Sijui kama ni Mama aliyemkumbuka au mwanamke mwingine kati ya wengi aliowapandisha mlima ule. Sitauliza. Nilimsimulia habari ya hita na mfuko mweusi, akacheka mpaka yule mtawa akaja kuangalia kuna nini, naye akaondoka na usipa mmoja mkononi, akiwa hajui aufanyeje.

Jioni hii nimempigia Mama kwa kadi ya simu. Alikuwa Kihagara, amepanda kwenye mwamba unaoshika mtandao, ameketi pale kusubiri. Hakunisalimia.

"Amekula?"

"Amekula, Mama. Amesema hawana mchanga."

Nilisikia upepo tu kwenye simu, na nikamwacha akae nao. Nilimweleza lile swali la Sista. Alilia kidogo, halafu akapiga kigelegele kimoja, peke yake, juu ya mwamba.

Kisha nikamsimulia mkasa wa hoteli. Alisikiliza bila kunikatiza, na hilo si la kawaida yake.

"Na huyo mama mwenye nyumba," akasema, "umemwachia wake?"

Kwetu ukianika kwenye chanja cha mtu huondoki hivihivi, unamwachia kisahani. Mtoto wa ziwani analijua hilo kabla hajajua kuogelea. Na mimi nilikuwa nimemkabidhi Sista wote, hadi chenga.

"Truda! Kweli wewe Mmatengo. Kamwambie nitaanika mwingine."

Nikashuka. Frau Hofmann alikuwa mapokezi, ameyaloweka yale mataulo kwenye ndoo ya siki. Alitaka kwanza kujua kama Sista amekula. Nilipomwambia, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nikamfikishia ujumbe wa Mama.

"Kwa jina la Mungu, hapana," akasema. Halafu akafikiri. "Basi kidogo tu. Lakini uje nao mkavu!"

Ameniongezea duveti ya pili na kunifungulia dirisha kidogo ili chumba kipumue. Nimeomba niyafue yale mataulo kesho asubuhi, amekataa, nami nitaamka mapema niyafue kabla hajaamka. Hita nimeizima. Harufu bado ipo, na nashukuru kwamba ipo. Inanitosha kulalia.

Nilikuja nikiwa na ahadi ya Mama, naondoka nikiwa na yangu mwenyewe. Sijui ni lini nitarudi mji huu.

Najua tu nitalala wapi.